Mwenyeji Usije

Usiku wa nne maji yaliganda ndani ya chupa.
Remigia akaipasua kwa kisigino,
akampa mwanawe kipande cha barafu
anyonye kama peremende.

Tu mia nne na ushei, hakuna aliyetuhesabu vizuri.
Wengi tumetoka kuchuma zabibu Copiapó,
wengine walikuwa wakitandika vitanda vya hoteli Iquique
hadi hoteli zikafungwa.
Basi lilitushusha Colchane, mahali ambapo hata majani huota kwa kusitasita,
dereva akageuza bila kuzima injini.

Mbele yetu ni mtaro.
Si mto, si ukuta. Mtaro tu,
lama mwenye mimba angeuruka.
Ng'ambo yake ni kwetu, Bolivia:
naona mnara wa kanisa,
naona mwanamke anaanika foronya,
na upepo unaoipepeza foronya yake
ndio huu unaonikata masikio.

Mwanajeshi anaitwa Huallpa, imeandikwa kifuani.
Nilimsalimu kwa Kiaymara. Akatazama buti zake.
Amri walikuwa wameitangaza kwa Kihispania,
lakini niliposogea
alinirudisha kwa lugha ya mama yake:
"Shangazi, rudi nyuma,"
polepole, akiyaburuta maneno,
ndipo nikajua ni mtu wa Challapata,
mwendo wa nusu siku kutoka kwetu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sisi kipaza sauti kilituambia:
mwenyeji usije,
mwenyeji apone.

Kitambulisho ninacho.
Ninayo na karatasi ya kura,
ile ambayo bila hiyo benki haikupi hata senti.
Oktoba nilipanda basi saa kumi na tisa kwa hela yangu,
nikapiga kura, wakanigongea muhuri, nikarudi shambani.
Nisingekwenda, wangenitoza faini.
Wakati ule walilijua jina langu lote,
walikijua kijiji, waliijua hata picha yangu
iliyonikuta nimefumba jicho moja.
Jana afisa aliishika kwa ncha za glavu.
"Mama," akasema, "hii haionyeshi kama u mzima."
Akairudisha juu ya jiwe,
nikaikimbilia kabla upepo haujaichukua.

Malori yanapita. Sawa, watu wale.
Wanayapulizia dawa matairi, yanapita.
Eusebio ananiambia: Primitiva,
kosa letu ni kuzaliwa na miguu.
Kisha likaja gari jeupe la mgodi.
Mhandisi akashusha kioo nusu, akatoa barua.
Pasipoti yake haikuwa hata ya rangi yetu.
Alingoja dakika nane.
Nilihesabu, sina kazi nyingine.

Siwalaumu kwa hofu.
Nami ninayo.
Remigia anakohoa tangu juzi,
na kila akikohoa tunasogea pembeni,
sisi wenyewe, hatua moja, kisha nyingine,
mpaka leo ana uwanja mzima wa changarawe
yeye na mtoto,
na hakuna aliyetoa amri.
Nilimtupia blanketi. Nilimtupia, sikumpelekea.
Hilo nitaliungama siku nikipata padri.

Saa kumi na mbili asubuhi tarumbeta ikalia ng'ambo.
Bendera ilianza kupanda,
nyekundu, njano, kijani, ikikwamakwama kwa baridi.
Huallpa akatugeuzia mgongo akapiga saluti.
Na huku kwetu, katika mablanketi na maboksi,
watu wakaanza kusimama.
Hakuna aliyetuambia. Ni magoti ya shule,
ya kila Jumatatu, yanakumbuka yenyewe.
Eusebio akavua kofia.
Mimi sikutaka kusimama, nikajikuta nimesimama.

Kule mbali, peke yake kwenye changarawe,
Remigia naye alisimama, mtoto mgongoni,
kiganja mdomoni,
akakizuia kikohozi
mpaka wimbo ukaisha.